Standi, drili mpya ya mezani au chuma cha zamani: ulinganisho kwa mwenye karakana ya nyumbani Tabora

Kijana mmoja mfugaji nyuki kutoka upande wa Sikonge alinijia hapa Isevya na kiroba begani. Baada ya shikamoo na glasi ya maji, akamwaga fremu saba za mzinga kwenye mkeka. Kila kibao cha pembeni kilikuwa na matundu manne ya kupitishia waya, na sikuona tundu lililotazamana na mwenzake. Waya ulipanda na kushuka kama njia ya mbuzi. "Mzee, drili ninayo," akasema, "mkono wangu ndio hauna pimamaji." Alitaka nimtajie mashine ya kutobolea ya kuweka mezani, tena ya bei ambayo mkewe hatainunia.

Sikumtajia siku hiyo. Kuna mambo hakuwa ameyasema: anatoboa nini zaidi, mbao au chuma, umeme wake ni wa gridi au wa jua, na ikiharibika, ni nani wa karibu atakayeifungua. Wengi wanaokuja na swali lake huwa wamekwama kati ya vitu vitatu. Kuna standi ya chuma inayofungiwa drili ya mkono. Kuna drili ndogo mpya ya mezani, ile ya biti mpaka milimita 13. Na kuna chuma cha zamani, mashine nzito iliyotumika kiwandani au shuleni huko ng'ambo, sasa inauzwa mtumba. Vyote vitatu nimewahi kuvimiliki kwa nyakati tofauti, na viwili kati yake vingali nyuma ya nyumba yangu.

Ipo na njia ya nne ambayo wauzaji hawaitaji: kutonunua. Kama matundu yako hayafiki kumi kwa mwezi, peleka kazi kwa mchomeleaji wa mtaani mwenye mashine, mlipe, rudi nyumbani ukale.

Tunapimia nini

Wati ndizo watu huuliza kwanza. Kwangu huwa za mwisho.

Naanza na unyoofu. Kazi ya drili ya mezani ni kushusha biti wima, mahali pale pale, leo na kesho. Ikiyumba, hata uifunge mota ya kusagia mahindi, itakupa matundu ya mlevi. Kwa hiyo naangalia unene wa nguzo, uzito wa kitako, na kama meza inabonyea ninapoisukuma kwa kiganja.

Kisha kasi, na hasa kasi ya chini kabisa. Muuzaji hujisifia mizunguko mingi, lakini kinachounguza biti ni mbio. Kwa chuma cha kawaida cha engo na flati, ukitumia biti za HSS (chuma kigumu kisicholegea upesi kwa joto), gawanya 8,000 kwa kipenyo cha biti kwa milimita. Biti ya mm 5 inataka mizunguko 1,600 kwa dakika. Ya mm 10 inataka 800. Ya mm 13 kama 600. Ya mm 20 inataka 400. Chuma kisichoshika kutu kinataka chini ya nusu ya hapo. Mbao husamehe, biti nyembamba inaweza kukimbia mara mbili au tatu ya mwendo huo. Zile biti pana za kuchimba kitanda cha bawaba za kabati ndizo zinazotaka utulivu hata kwenye mbao, hasa mbao ngumu kama mninga na mkurungu tulizozoea huku.

Jambo la tatu ni umeme, na hapa ndipo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya unapotuacha njiani. Mota ya drili ya mkono ina kaboni zinazosugua. Umeme ukiwa mdogo jioni, inapunguza mwendo na kuendelea kulalamika. Mota ya drili ya mezani kwa kawaida haina kaboni. Mwendo wake unafuata mapigo ya umeme, yaani 50 kwa sekunde, na umeme ukishuka sana inashindwa kuanza: inanguruma, haizunguki, na usipoizima haraka utasikia harufu ya vanishi ya koili. Tena wakati wa kuanza huvuta mkondo mkubwa, mara tano hadi saba ya ule wa kazi. Kwa mwenye nyaya nene na transfoma ya karibu, hilo si kitu. Kwa mwenye ekstensheni nyembamba ya mita thelathini, au inveta ya sola, ndilo linaloamua.

Nne ni nafasi: biti iko mbali kiasi gani na nguzo, inashuka kiasi gani kwa mvuto mmoja, na pana upenyo gani kati ya kinywa kinachouma biti na meza. Mwisho, vipuri na usafiri. Tabora tuko zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Dar es Salaam, na kurudisha mashine mbovu Kariakoo si safari ya nauli ya daladala.

Bei sitaandika, kwa kuwa ya mzigo huu si ya mzigo ujao. Mpangilio wake haubadiliki sana: standi ndiyo ya chini, drili mpya ya mezani inafuata, na chuma cha zamani kinaweza kuangukia popote, kutegemea kama anayeuza anajua anachouza.

Standi ya kufungia drili ya mkono

*Unyoofu.* Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Standi nyingi za bei nafuu zina nguzo nyembamba na mkono wa alumini wenye nafasi ya kucheza. Vuta mpini kwa nguvu ukitoboa chuma cha mm 6 na utaona drili nzima inainamisha kichwa kama mtu anayesinzia kwenye hotuba. Kwenye mbao za mm 20, kwa mkono mwepesi, inatoa tundu zuri kabisa. Yangu niliikaza kwa kufunga kitako chake kwenye ubao mnene wa mninga na kuweka kipande cha bati kwenye mlango wa kuteleza ili kuondoa uchezaji. Ilibadilika tabia, ingawa haikupata kuwa mashine.

*Kasi.* Ni ile ya drili yako. Drili nyingi za mkono za mm 13 hukimbia karibu 2,800 hadi 3,000 kwa dakika zikiwa tupu. Kwa kitufe unaweza kuipunguza, lakini ukiipunguza sana inapoteza nguvu na feni yake ya ndani haipulizi vya kutosha. Ukitoboa chuma kinene kwa mwendo wa konokono dakika kumi mfululizo, unaiua. Kama ndiyo kwanza unanunua drili ya mkono, tafuta yenye gia mbili.

*Umeme.* Ndiyo mvumilivu kuliko zote. Umeme mdogo huifanya ichoke tu, na inveta za bei nafuu hazisumbui sana mota ya kaboni. Ina hatari moja lakini: ukifunga kile kitufe cha kushikilia kasi halafu umeme ukakatika, utaondoka ukanywe chai, na umeme ukirudi drili itaanza kuzunguka yenyewe. Chomoa plagi.

*Nafasi.* Biti iko karibu na nguzo na mwendo wa kushuka ni mfupi. Kabla ya kulipa, hakikisha shingo ya drili yako inaingia kwenye pete ya standi. Standi nyingi zimetengenezwa kwa shingo ya mm 43, kipimo cha Ulaya, na zipo drili za bei rahisi zenye shingo ya kipimo chake zenyewe. Nenda dukani na drili mkononi, usiende na kumbukumbu.

*Vipuri.* Kaboni zinapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Standi yenyewe ni chuma na springi, hata fundi baiskeli anaitengeneza.

*Inamfaa* mwenye drili tayari, anayefanya mbao nyepesi na bati, na anayehitaji Jumamosi kuifungua drili hiyo hiyo akatoboe ukuta wa jirani.

Drili ndogo mpya ya mezani, mm 13

*Unyoofu.* Kitako na meza ni vya chuma cha kusubu, nguzo ni bomba nene kiasi, na tofauti na standi utaihisi kwenye tundu la kwanza. Lakini mashine mbili za rangi moja, kutoka kontena moja, zinaweza kuwa mtu na shemeji yake: moja inazungusha biti kama uzi uliosimama, nyingine biti inachora duara hewani. Ndiyo maana kuipima dukani ni lazima, na nitaeleza namna hapo chini.

*Kasi.* Nyingi zina puli mbili zenye ngazi tano na mkanda mmoja. Unazima, unafungua kifuniko, unalegeza mota, unahamisha mkanda, unakaza. Kasi huanzia kwenye 500 au 600 hivi na kuishia karibu 2,600. Rudi kwenye ile hesabu ya 8,000: 600 inatosha kwa biti ya mm 13 kwenye chuma cha kawaida, na hapo ndipo mwisho wake. Ukifunga msumeno wa duara wa mm 50 utoboe bamba la chuma, unahitaji kasi ya 150 hivi, na mashine hii haiwezi kufika huko. Itaunguza meno na kukupigia kelele. Kama kazi yako ni ya aina hiyo, panda daraja kidogo hadi mashine yenye puli tatu, ambazo huteremka hadi kwenye 200 na ushei.

*Umeme.* Wati 350 ni kawaida. Kwa LUKU hiyo ni theluthi ya uniti na kidogo zaidi kwa saa nzima ya kuzunguka bila kupumzika, na nani hutoboa saa nzima? Tatizo ni kule kuanza nilikokutaja. Nyumbani kwangu, mbali na transfoma, saa moja jioni majirani wote wakiwa wamewasha, mashine inasita. Saa nne asubuhi inaanza kwa pigo moja. Nimejipangia kutoboa asubuhi.

Soma kibati cha mota. Ukikuta S2 15 min, maana yake mota imetengenezwa kufanya kazi dakika 15 kisha ipumzike ipoe. S1 ni ya kazi ya mfululizo. Muuzaji atakuambia ni namba za kiwanda tu, mwache aseme.

Kinachonifanya niipende kwa mazingira yetu ni swichi. Nyingi huja na vitufe viwili, kijani na chekundu, ambavyo umeme ukikatika hujizima na haviwaki hadi ubonyeze tena. Kwa mji unaojua kukatika kwa umeme, kitu hicho kidogo kina thamani kuliko wati mia za ziada. Hakikisha ipo. Usiibadilishe kwa swichi ya ukutani ikifa.

*Nafasi.* Usidanganyike na inchi. Mashine iitwayo ya inchi 8 haikupi inchi 8 kutoka kwenye nguzo, inakupa nne, kama milimita 100. Ile 8 ni kipenyo cha duara ambalo mashine inaweza kutoboa katikati yake. Kushuka kwa mvuto mmoja ni karibu mm 50. Halafu kumbuka urefu wa biti: ya mm 10 ya kawaida ina urefu wa mm 133, na ukiweka jiliwa, kile kifaa cha kukazia kazi, chini yake mashine fupi inajaa bila kazi kuingia.

*Vipuri.* Mkanda, swichi, beringi. Beringi zina namba ubavuni, kama 6202 au 6203, na namba hiyo ni ile ile kwa mashine yoyote duniani. Mkanda nao una namba: iandike ukutani siku ya kwanza, kwa sababu ukishachanika haisomeki. Mota ikiungua, wasukaji wa koili wapo mjini, ila kwa mota ndogo gharama ya kusuka inaweza kukaribia ya kununua nyingine. Uzito ni kama kilo 15, basi linaibeba kama kifurushi, na ukiishusha stendi mtu mmoja anaiweka kwenye baiskeli.

*Inamfaa* mwenye umeme wa gridi usio dhaifu sana, anayechanganya mbao na chuma chembamba, na asiye na muda wa kuanza kukarabati kabla ya kufanya kazi.

Chuma cha zamani

*Unyoofu.* Ukikuta nzima, hakuna mjadala. Nguzo nene kama paja, meza usiyoweza kuibeba peke yako, na mtetemo unamezwa na uzito. Lakini neno ni nzima. Meza nyingi zina makovu ya ndui, kila fundi aliyepita alitoboa hadi akaitoboa na meza. Makovu hayo si dhambi. Dhambi ni ufa. Gonga kitako na meza kwa nyundo ndogo usikilize kama mama anayenunua chungu sokoni: kinacholia ni kizima, kinachokohoa kimepasuka. Kisha shusha mhimili, ule mti unaozungusha kinywa, hadi chini, ushike kinywa, utikise kushoto na kulia. Ukisikia kak-kak, ndani kumelika, na hilo fundi wa mtaani hatalimaliza kwa kubadili beringi tu.

*Kasi.* Kwa kawaida ni nzuri kuliko zote, hasa upande wa chini. Nyingi pia zina shimo la mteremko la Morse namba 2, unaweza kutoa kinywa kizima na kuchomeka biti kubwa yenye mkia wa kuteremka, mpaka mm 23. Kwa mtengeneza mikokoteni na mageti, hiyo ni kama kupata mashine ya pili bure.

*Umeme.* Hapa wengi hulia, na niliwahi kulia mimi. Niliuziwa mashine Dar es Salaam, nikaambiwa "chomeka utumie". Ilipofika Tabora na malipo ya mzigo yamekwisha kulipwa, nikasoma kibati: fezi tatu. Nyumbani nina fezi moja. Ilikaa mwaka mzima ikitumika kukaushia taulo.

Kwa hiyo soma kibati kabla ya kutoa pesa. Ikiandikwa 100 V inatoka Japani, 110 V au 115 V huenda ni ya Marekani, na zote zinataka transfoma ya kushusha kutoka 230 zetu. Mota ya mapigo 60 itazunguka polepole hapa, kwa sehemu moja ya sita. Hilo halina ubaya mkubwa kwa kutoboa, ila mota inaweza kupata joto zaidi. Ikiandikwa fezi tatu, una njia mbili: kufunga mota nyingine ya fezi moja ya nusu nguvu ya farasi yenye mwendo wa 1,400 hivi, au, kama kibati kinasema 230/400, kununua kifaa cha kielektroniki kinachogeuza fezi moja kuwa tatu. Mimi nilichagua mota nyingine. Gharama hiyo ijumlishe kwenye bei tangu mwanzo, na umwonyeshe muuzaji unapopatana.

*Nafasi.* Nyingi, kwa kazi. Chache, kwa karakana. Mashine ya kilo themanini au mia haihamishwi kila jioni kuingizwa ndani, na kibanda kisicho na kufuli imara hakiifai. Masika yetu yakianza Novemba hadi Aprili, meza isiyopakwa oili itageuka nyekundu kabla hujapalilia mahindi.

*Vipuri.* Beringi rahisi, mikanda rahisi. Kinachosumbua ni gia ya kushushia, springi ya kurudishia na vipini. Vikikosekana, vinachongwa. Mafunzo ya uchongaji vyuma yapo VETA, na SIDO nao wamekuwa wakisaidia wenye viwanda vidogo tangu 1973, kwa hiyo mji hauna ukame wa watu wanaojua leti, mashine ya kuchongea vyuma. Lakini kuchongesha kipuri kimoja ni zaidi ya kukinunua, na foleni ipo.

*Inamfaa* mwenye subira, chumba cha kudumu, rafiki fundi umeme, na kazi nyingi za chuma. Kama hupendi kufungua vitu, achana nayo hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Spoku ya baiskeli dukani

Kwa mji wenye baiskeli kama wetu, kifaa cha kupimia hakikosekani. Chukua spoku iliyonyooka, ikunje mwisho mmoja kwa pembe mraba, ukae mrefu kama kidole cha kati. Fumbatisha ule mwisho mwingine kwenye kinywa cha drili, plagi ikiwa imechomolewa. Pandisha meza hadi ncha iguse kwa shida. Sasa zungusha kwa mkono: ncha iguse mbele, kulia, nyuma, kushoto, kwa mguso ule ule. Ikikwaruza upande mmoja na kupaa upande wa pili, meza haiko mraba na biti. Kulia na kushoto kwa kawaida hurekebishwa kwa bolti iliyo chini ya meza. Mbele na nyuma ndiko kubaya, maana nguzo yenyewe imeinama, na hiyo iache palepale ilipo.

Baada ya hapo funga biti mpya ya mm 10, weka msumari mezani ncha yake ikikaribia biti bila kuigusa, zungusha kwa mkono uangalie ule upenyo. Ukipanuka na kufinyika wazi wazi, kinywa au mhimili umepinda. Mwisho omba iwashwe dakika kumi. Muuzaji mwenye haraka ya kuizima baada ya nusu dakika anajua kitu.

Fedha usizimalizie zote kwenye mashine. Jiliwa ya kukaza kazi mezani si anasa. Kipande cha flati kilichoshikwa kwa mkono, biti ikinasa wakati inatokeza upande wa pili, kinageuka panga linalozunguka. Nunua biti chache zinazoeleweka, za mm 3, 5, 6, 8 na 10, badala ya kisanduku cha biti mia zinazong'aa kama dhahabu na kupinda kama nta. Vaa miwani. Glavu vua, hapa ni tofauti na kuchomelea, glavu ikinaswa inavuta na mkono. Shati la mikono mirefu likunje, mtandio ufungwe nyuma. Na ufunguo wa kinywa usiuache ukining'inia pale: ukiwasha umesahau, utaruka na hutachagua unakoelekea.

Kwa hali yako

Ukiwa na sola na inveta ya bei nafuu, standi na drili ya mkono ndiyo njia isiyo na majuto. Drili ya mezani itataka inveta yenye nguvu mara kadhaa ya zile wati 350 na yenye kutoa wimbi laini, la sivyo mota itanguruma na kupata joto, na hapo utakuwa umenunua vitu viwili.

Ukiwa na gridi, unatengeneza samani za mninga na mara moja moja bawaba na vishikio vya chuma, drili mpya ya mezani itakutosha miaka mingi. Kama mbao zako ni pana, kumbuka zile milimita 100 na upime mbao kwanza. Kitobo cha katikati ya mlango wa kabati hakitafikiwa, na kwa kazi hiyo standi inayowekwa juu ya mbao yenyewe au hata mkono wenye uangalifu utashinda mashine.

Mwenye mageti, mikokoteni na matela, anayetoboa mm 12 na kuendelea kila siku, avumilie kutafuta chuma cha zamani, au alipie drili mpya ya puli tatu kama hana wa kumfungulia mota. Anayepanga chumba na huenda akahama kabla ya mwaka asifikirie kabisa kitu cha kilo mia.

Na aliye na vijana wanaojifunza kazi, swichi ya vitufe viwili iwe sharti kabla ya bei. Chuma cha zamani kikija bila hiyo, fundi umeme anaweza kukifungia.

Yule kijana wa Sikonge ana paneli mbili na inveta ndogo, kwa hiyo alichukua standi. Tuliifunga kwenye ubao mnene, tukaweka kipande cha engo nyuma kama kizuizi ili kila kibao kikae pale pale. Tukapiga hesabu: sanduku la fremu kumi lina vibao vya pembeni ishirini, matundu manne kila kimoja, jumla themanini. Kibao kina unene wa mm 9 na nusu hivi. Alitaka kupanga vitano atoboe kwa mpigo mmoja, nikamwonyesha biti yake ya mm 3: urefu wote ni mm 61, lakini mifereji ya kutoa vumbi ni mm 33 tu. Ikizama kupita hapo vumbi linakwama, biti inapata joto na kukatikia ndani. Vitatu vitatu, basi, mivuto 28 kwa sanduku zima. Akauliza na mizinga ya magome ya babu yake itobolewe kwa biti gani. Nikamwambia nyuki wa babu yake hawajawahi kulalamika.

Fremu alizotoboa tangu siku hiyo sijaziona. Ameahidi kuleta moja ikiwa imejaa.